Chungu

Saa mbili usiku, ukumbi namba nne,
taa mbili kati ya sita ndizo zinazowaka.
Profesa Zelarayán anamwaga malimau mezani.
Mimi ndiye niliyeyaleta: yaliyokataliwa kiwandani,
yenye makovu, yasiyofaa kupanda meli.
"Hii ni chungu?"
Chungu, tunajibu.
Anaondoa moja. "Na sasa?"
Chungu.
Anaondoa jingine, bila haraka,
kama mtu anayemvua mgonjwa viatu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini haba ipi?

Miaka kumi na tisa nimesimama penye mkanda,
hili kushoto, hili kulia,
harufu ya ndimu imenifuata hadi ndotoni.
Msimamizi hajawahi kuniuliza
kitu hukoma wapi kuwa kitu.
Huuliza kreti ngapi.

Siku niliyojiandikisha, mama aliuliza:
"Na hiyo falsafa, inaliwa na nini?"
"Na mkate wa jana, mama."
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
Kesho yake akanishonea mkoba wa madaftari
kwa gunia la kiwanda cha sukari kilichofungwa.
Maandishi bado yanasomeka ubavuni:
KILO HAMSINI.
Nikipita nao chini ya michungwa ya mtaa wa Ayacucho,
ile michungwa ya Tucumán izaayo machungu matupu,
vijana wa mwaka wa kwanza huniita Bibi Uzito.
Nina miaka arobaini na minne.
Nawaacha.

Walianza na karatasi ya chooni.
Bado chuo.
Wakakata gesi, tukasoma tumevaa makoti.
Bado chuo.
Farías wa maktaba alistaafu, hakuletwa mwingine;
vitabu vikafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu,
kana kwamba Jumatano watu hawana mashaka.
Bado chuo.
Zelarayán aliuza gari, kisha baiskeli.
Huja kwa miguu, chaki mfukoni, yake mwenyewe.
Bado chuo, wasema wenye kalamu kule Buenos Aires:
punje moja haiwezi kubomoa chungu.

Agosti tukaubeba ubao hadi barabarani.
Tukaketi juu ya lami, baridi ikapanda mifupani,
kibuyu kimoja kikazunguka, mrija mmoja, vinywa kumi na vinne;
kinywaji chenyewe kinaitwa mate,
na jina lina haki yake.
Magari yakapiga honi. Mengine kwa matusi,
mengine kwa mapenzi; ukizoea, unayatofautisha.
Zelarayán akarudia swali lake kwa sauti ya sokoni.
Mvulana mmoja akasema mpaka haupo.
Msichana mwenye skafu akasema upo, ila hatuujui,
na wakashikana mashati, kwa maneno tu,
kwa dakika ishirini nzuri sana.

Lori la malimau likasimama, njia imezibwa.
Dereva akashuka, akasikiliza, mikono kiunoni.
Nikadhani atatutukana.
"Chungu," akasema, "inakwisha pale unapoanza kuhesabu.
Shehena sihesabu. Yakibaki manne chini ya kiti,
najua ni manne."
Akarudi kwenye usukani.

Zelarayán alikaa kimya.
Kisha akaandika ubaoni maneno ya dereva,
akayafuta kwa kiganja,
akayaandika tena, makubwa zaidi.
Mtihanini niliyajadili kurasa tatu.
Nikapata sita kwa kumi:
"Ujasiri upo. Hoja ya pili inachechemea."
Kweli inachechemea. Bado naiuguza.

Usiku ule wa lami tulikuwa wengi,
sikumbuki wangapi.
Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, tukarudi ukumbini.
Yule mwenye skafu hakuja; amepata kazi dukani.
Wale ndugu wawili wa Famaillá, nauli imewashinda.
Taa moja inawaka.
Zelarayán akafungua daftari la mahudhurio,
na kabla hajaita jina la kwanza
nikajikuta nasogeza midomo:
ishirini na wawili,
ishirini na watatu.